Mpishi Aliyewalowekea Paka Samaki

Kabla ya kununua samaki, alikuwa akimvunja mkia. Si mkia wote. Ncha tu, kipande kisichozidi ukucha, ambacho alikiweka ulimini na kufumba macho. Wateja wengine wa soko la Kitale walinusa, au waliniuliza kama mzigo ni wa wiki hii. Yeye alionja kama mtu atakayekula mwenyewe. Kisha alifumbua macho na kusema, "Mama Samaki, leo umeniletea chumvi. Samaki mwenyewe amebaki wapi?"

"Amebaki ziwani, anakungojea."

"Basi mwambie nimechoka kumngojea, bana."

Nilikuwa nikiuza samaki wakavu: ngege waliopasuliwa na kuanikwa, na omena. Kwetu ni Malakisi. Mzigo niliufuata Bungoma, walikouleta wachuuzi wa upande wa ziwa, nikaupandisha Kitale kwa lori. Yeye alikuwa mpishi katika shamba la mzungu mmoja, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini. Jina lake nimeamua kuliacha lipumzike. Sisi sote sokoni tulimwita Mpishi, na kwa jina hilo nilimjua tangu kabla ya vita vya pili hadi karibu na mwisho wa miaka ya hamsini. Leo nikipita penye samaki, mkono wangu bado unataka kumvunjia mtu ncha ya mkia.

Samaki aliowanunua hawakuwa wa meza ya wazungu. Walikuwa wa paka.

Msomaji ambaye hajawahi kuliona ghala la mahindi la Trans-Nzoia baada ya mavuno anaweza kucheka hapo. Asicheke haraka. Magunia yalipangwa hadi kwenye mabati, na panya walikuja kutoka mashambani kama watu wanaokwenda harusini. Paka wa ghala walikuwa wafanyakazi kama wafanyakazi wengine. Kilichokosekana ni kipande tu, kile cheti cha kazi cha kuning'inizwa shingoni. Shamba lile lilikuwa na paka sita wa ghalani, na mmoja wa nyumbani, jike la rangi ya kijivu, ambaye alikuwa wa Memsabu, mke wa Bwana mwenye shamba.

Juu ya paka hao, Bwana na Memsabu hawakupatana kamwe. Bwana aliamini kwamba paka apewe vikavu, kidogo, mara moja kwa siku: makoko ya mkate, vichwa vya samaki, basi. Akishiba, alisema, atalala. Memsabu aliamini katika maziwa na maini ya kuchemsha, tena yaliyokatwakatwa. Kila mmoja aliingia jikoni kwa wakati wake na kutoa amri yake, na Mpishi aliwajibu wote wawili neno moja, "Ndiyo." Kisha akafanya alivyojua yeye.

Alivyojua yeye, alinieleza mara nyingi, nami nitaeleza kama alivyonieleza, kwa sababu sijapata mwingine aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi.

Paka, alisema, hapendi kunywa maji. Amezoea kuyapata ndani ya nyama. Panya mmoja ni chakula na ni kikombe. Kwa hiyo ukimpa kikavu peke yake, umempa chakula ukamnyima kikombe, na hata ukimwekea bakuli la maji kando atakunywa kwa heshima tu, kama mgeni anayemaliza uji asioupenda. Lakini usikimbilie kukitupa kikavu. Kikavu kina kazi. Hakiozi, hakiiti siafu, na unaweza kukiacha kwenye sahani ukaenda zako kanisani. Chakula cha majimaji, ukikiacha mpaka jua lipande, nzi wanakimaliza na paka anakukasirikia. "Asubuhi majimaji, nikiwa nipo," alisema. "Jioni kikavu kidogo, kwa wenye meno. Si ngumu. Watu wanataka tu kuchagua moja waigombanie."

Ngege wangu aliwaloweka kwa maji moto mara mbili, akayamwaga yote mawili kwa sababu ya chumvi. Maji ya tatu ndiyo aliyoyachemshia, polepole, pamoja na matumbo ya kuku au kipande cha wengu. Mifupa aliitoa yote kwa vidole. Ugali ulitiwa ukubwa wa kidole gumba, usizidi. Kitunguu hakikukaribia sufuria ile. Aliwahi kuona paka aliyekula mabaki ya mchuzi wenye vitunguu akilegea kwa siku nyingi, na tangu hapo hata kisu chake cha vitunguu alikitundika ukuta mwingine. Maziwa alimpa mtoto wa paka na mama yake. Paka mzima akipewa maziwa, alisema, yanapita tu kama mtu aliyekosea nyumba.

Na bakuli la maji aliliweka mbali na sahani ya chakula. Nilimuuliza kwa nini. Aliniangalia kwa huruma. "Wewe unaweza kunywa maji ya kisima kilicho na mzoga kando yake? Paka naye anafikiri hivyo. Kwake hiyo sahani ni mzoga."

Sikumwamini. Kazi yangu ilikuwa kuuza vikavu, na mtu huamini kile kinachomlisha. Nilikuwa na dume langu la rangi ya chungwa, lililolala juu ya magunia kwenye kibanda nilichokodi nyuma ya soko. Lilikula vichwa vya ngege, vikavu, kila siku. Mpishi alipolipita alikuwa akiinama na kuivuta ngozi ya shingo yake kwa vidole viwili, kisha akaiachia, akaangalia inavyorudi.

"Inarudi polepole," aliniambia. "Mlowekee huyu."

"Huyu ni paka wa soko, Mpishi. Hana memsabu."

"Figo anazo lakini."

Tulicheka. Jumamosi chache baadaye dume langu lilianza kwenda kwenye majivu, likichuchumaa, likiondoka, likirudi. Nilidhani tumbo limefunga. Nikalinywesha mafuta, kama ambavyo mama yangu alitunywesha sisi. Mpishi alipofika alililaza mapajani, akalipapasa chini ya mbavu, na uso wake ukabadilika. Akaushika mkono wangu akauweka pale. Palikuwa na kitu kigumu, kimeviringana, kama ndimu.

"Huo ni mkojo," alisema. "Umekataa kutoka. Madume ndio hupata hii."

"Tufanye nini?"

"Hilo tungelifanya mwezi uliopita."

Lilikufa kesho yake mchana. Mpishi hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko lawama. Jumamosi iliyofuata alinunua samaki wake bila kuonja mkia, akayafunga vizuri matita yake mawili, kisha akasema jambo ambalo nimelibeba hadi leo: "Paka hasemi kiu, Mama Samaki. Akisema, ujue umechelewa."

Usidhani kwamba alikuwa mtu mpole. Mtunza bustani wa shamba lile alimwogopa kuliko alivyomwogopa Bwana. Mpishi aliwapiga watu vidole kwa mwiko kwa kugusa kifuniko. Aliwasema wapishi wa mashamba jirani mmoja mmoja, huyu anachoma, huyu anakoroga kama anayelima, na hakumsifu hata mmoja. Kanisani alikaa nyuma ili atoke wa kwanza, kwa kuwa nyama ya Jumapili ilikuwa motoni. Na mtu huyu aliyejua kiu ya paka kwa kuvuta ngozi, mwenyewe alikula amesimama, ugali wa jana na kipande cha samaki kikavu mkononi, akitazama sufuria za wengine.

"Mbona wewe unakula kikavu?" nilimuuliza.

"Mimi nina mdomo. Nikiwa na kiu nitasema."

Hakusema. Ilinichukua miaka kuielewa kiu yake, na niliielewa upande wa pili, Kabuchai, nyumbani kwa mke wake.

Njia yangu ya Bungoma ilipita karibu na huko, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi alinipa kifurushi nimfikishie. Ndani mlikuwa na sukari, chumvi, majani ya chai, na samaki wangu mwenyewe aliyemnunua kwangu. Yeye alikwenda nyumbani mara moja kwa mwaka, Bwana na Memsabu wakienda pwani kupumzika. Mke wake alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye shamba safi kuliko yote niliyoyaona kando ya njia ile. Alikipokea kifurushi kwa mikono miwili, kwa adabu, akakifungua mbele yangu, akakiangalia.

"Tena vikavu," alisema.

"Vinakaa, mama. Haviharibiki njiani."

"Najua haviharibiki. Hata mimi nimekaa na sijaharibika." Kisha akacheka kidogo, akanipa kiti. "Mwambie nimepokea. Muulize paka za wazungu nazo zinasemaje, zimeshiba?"

Nilimpelekea Mpishi salamu hizo kama zilivyo. Alitengeneza fundo la mfuko wake. Ndipo akaniambia alichokitaka, na sikumsikia akitaka kitu kingine tangu hapo. Alitaka, siku akirudi kabisa, akae jikoni kwa mke wake.

Kwa wasio wa kwetu lazima nieleze. Mafiga yale matatu ni ya mwanamke. Mwanamume hupelekewa chakula alipo, katika nyumba ya mbele au chini ya paa la ghala, na akionekana akikaa kwenye mafiga ya mke wake watu watauliza nani amekufa au nani amemroga. Na mwanamume aliyepikia wazungu ndiye hasa asiyetakiwa hapo, maana watu watasema amerudi kuwa mwanamke nyumbani pia. Mpishi alilijua hilo vizuri. "Lakini nimekaa jikoni maisha yangu yote," aliniambia. "Ukiniweka nyumba ya mbele sijui hata mikono niiweke wapi. Nataka kukaa pale, nile chakula kikiwa bado kinatoa moshi. Yeye apike, mimi nikae. Ama mimi nipike, yeye akae. Hajawahi kuonja chakula changu, unajua? Hata siku moja. Watu wa Ulaya wameonja. Paka wameonja."

"Si umwambie?"

"Nimwambie vipi? Atasema ameolewa na nani."

Mwaka ule shamba liliuzwa. Paka wa ghalani walibaki na ghala lao. Yule wa kijivu alikuwa ameshazeeka, meno yamemwishia upande mmoja, na Bwana alisema hawezi kusafirishwa, apigwe risasi. Memsabu alilia barazani, lakini alikubali. Mpishi akaitwa, akaambiwa achague zawadi ya utumishi wake: baiskeli, au seti ya sahani za maua. Alisema anataka paka.

Tuliondoka Kitale kwa lori moja, yeye na kikapu chake mapajani, amekifunika kwa kitambaa alicholowesha maji. Mle garini walikuwamo wakulima wawili waliokuwa wakishuka Kimilili, na mmoja hakuweza kuvumilia.

"Mzee, miaka yote hiyo, umelipwa paka?"

"Nimelipwa, bana. Wewe ulilipwa nini?"

"Mimi nilipewa koti."

"Linakuitikia ukiliita?"

Lori zima lilicheka, na yule mwenye koti alicheka kuliko wote. Mpishi peke yake hakucheka. Kadiri tulivyokaribia kwao ndivyo alivyozidi kunyoosha kola yake.

Mke wake alitupokea uani. Tulisalimiana, mulembe, mulembe, mmoja baada ya mwingine bila haraka. Akakifunua kikapu. Yule paka mzee akanyanyua kichwa na kumwangalia.

"Ndiye mke mwenzangu?" aliuliza.

"Ni mzee tu," Mpishi alisema. "Hana meno. Hawezi vikavu."

"Ati hawezi vikavu." Akanigeukia mimi. "Umesikia, mama? Kuna mtu kwa boma hii hawezi vikavu, na si mimi." Kisha akaingia jikoni kwake kutupikia, na Mpishi akaenda kukaa nyumba ya mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa barazani kwa chifu.

Mambo yaliyofuata nilikuwa nikiyaona kwa vipande, kila mwezi nilipopita, na mengine nilisimuliwa na mke mwenyewe. Paka wa kijivu alikataa kila kitu. Paka wa pale nyumbani walijitafutia panya na kupewa makoko ya ugali, nao walikuwa wembamba, wakali, wazima. Mke alisema mgeni naye atajifunza. Baada ya siku tatu za kutokula, Mpishi alichukua mawe matatu, akayapanga nyuma ya ghala mahali ambapo huwezi kuonwa kutoka njiani, akawasha moto wake. Kumpikia mke kulikuwa aibu. Kumpikia paka hakukuwa na sheria yoyote, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwaza kwamba kuna haja ya kuiweka.

Akaanza upya: maji moto mara mbili, ya tatu kwenye sufuria, matumbo ya kuku, moto mdogo. Kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, firigisi aliletewa yeye kama mwenye nyumba, akaila mbele ya watu kama inavyopasa, ila nusu yake ilikuwa ikibaki shavuni hadi afike nyuma ya ghala. Shemeji zake walimtania. "Mpishi, leo Memsabu anakula nini?" Alijibu, "Anakula kuliko wewe," na ilikuwa kweli.

Siku moja dada wa mke wake alikuja kutoka Matulo bila kutoa habari. Mke alikuwa shambani na Mpishi amekwenda mtoni kuleta maji. Mgeni alifuata harufu. Nyuma ya ghala alikuta sufuria, imefunikwa vizuri, mchuzi mzito wa samaki na kuku, umepoa kiasi cha kuliwa. Pale kwetu ndugu ya mwenye nyumba haombi ruhusa kwa chungu. Alichukua ugali uliobaki jikoni, akaketi, akala mpaka akafika chini. Dada yake aliporudi kutoka shambani alimkuta analamba vidole.

"Dada yangu, huu mchuzi umejifunza wapi? Umesahau chumvi tu. Lakini huu mchuzi!"

Mke akaitazama sufuria, akaijua. Aliniambia alikuwa na maneno mawili mdomoni. La kwanza lilikuwa "Ni wa paka." Hakulisema, kwa kumwonea dada yake huruma. La pili lilikuwa "Si mimi niliyeupika," na hilo hakulisema kwa sababu ambayo hakuijua mwenyewe. Alisema tu, "Karibu tena." Mgeni alipokwenda kulala, mke alikwangua kilichobaki kwenye ukingo wa sufuria kwa kidole, akakionja.

"Nilikaa pale," aliniambia. "Niliwaza, kumbe miaka yote hii alikuwa anafanya hii."

Hakumwambia mumewe kitu. Ila asubuhi yake Mpishi alipokwenda kwenye mawe yake, alikuta juu ya jiwe la kushoto jani la mgomba limekunjwa, na ndani yake chumvi.

Alinionyesha lile jani mwezi uliofuata. Alikuwa amelitunza, limekauka. Kuanzia siku ile alipika kwa mafungu mawili: alitoa kwanza la paka, lisilo na chumvi, kisha akatia chumvi kwenye kilichobaki, akakifunika, akakiacha juu ya jiwe na kuondoka. Aliporudi sufuria ilikuwa imeoshwa. Hawakulizungumza. Nilimuuliza kama hiyo inamtosha.

"Inatosha kwa kuanzia," alisema. Lakini macho yake yalikuwa yakiangalia moshi uliotoka jikoni kwa mke wake, upande ule mwingine wa uwanja.

Kisha biashara yangu ilihamia Kisumu, nikakaa miaka mitatu bila kupita njia ile. Niliporudi nilikwenda makusudi, msimu wa mvua ndefu, miguu ikizama matopeni. Hakuna aliyenituma na sikuwa na kifurushi. Nilikuwa tu nimewatamani.

Paka wa kijivu alikuwa amekufa zamani. Mke alikuwa ndani, jikoni kwake, amekaa juu ya mkeka karibu na mafiga yaliyozimika, blanketi mabegani. Kifua kilimsumbua tangu mavuno na meno ya mbele yalikuwa yamekwisha. Jirani mmoja mwanamke alikuwa akimpikia asubuhi, lakini siku ile mto ulikuwa umejaa na jirani hakuvuka. Alinishika mkono akauweka kwenye shavu lake, akauacha hapo.

"Yuko wapi?" nilimuuliza.

Alielekeza kwa kidevu.

Nyuma ya ghala Mpishi alikuwa amechuchumaa chini ya kipande cha bati alichokiegemeza kwenye vijiti viwili. Mvua ilikuwa ikipenya kila upande. Kuni zilikuwa zinatoa moshi bila mwali, naye alikuwa akipuliza, anakohoa, anapuliza. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Ndani ya sufuria maji yalikuwa hayajachemka. Vipande vya samaki vilivyolowekwa vilikuwa vimekaa chini, vimetulia.

"Mama Samaki," alisema, kana kwamba niliondoka jana. "Hajala tangu jana jioni. Hawezi ugali mkavu. Moto huu umekataa kabisa."

"Mpishi, kule ndani kuna mafiga makavu na kuni kavu."

"Najua."

"Si uingie basi?"

Alitikisa kichwa. "Hajaniita."

Nilirudi jikoni. Mke alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Nikakaa karibu naye, nikaanza kupanga kuni niwashe mimi. Akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Acha," alisema. "Wewe ni mgeni." Akasikiliza. Kutoka nyuma ya ghala alikohoa tena yule mwingine, muda mrefu. "Mwambie aje na sufuria yake."

"Aje hapa?"

"Kwani kuna jiko lingine?"

Nilikimbia kama msichana. Nilimkuta ameshaukatia tamaa moto ule, ameinamia sufuria kuikinga na maji kwa kifua chake. Nikamwambia. Hakusimama.

"Alisema hivyo?"

"Alisema uje na sufuria yako."

"Alisema kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, Mpishi."

"Hebu sema tena."

Nikasema tena. Akanyanyuka polepole, magoti yakilia, akaishika sufuria kwa mikono miwili. Pale uwanjani, mvuani, alisimama kidogo akajifuta miguu kwenye majani, wa kulia, kisha wa kushoto, kama alivyokuwa akifanya kwenye mlango wa nyuma wa wazungu. Mlango wa jiko lile ni mfupi. Aliinama sana kupita, akiangalia mchuzi usimwagike, nami nikabaki nje chini ya ukingo wa paa, maana niliona hapanihusu tena.

Kisha nilimsikia akihangaika kutafuta pa kukaa, na sauti ya mke wake, ndogo lakini kavu kama zamani:

"Si huko. Huko moshi utakumaliza. Kaa upande huu."